Kapteni William Owen na Ahadi ya Mombasa: Imani, Utumwa na Gharama ya Dhamiri

Utangulizi

Msafiri atokaye Changamwe kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hupita katika mtaa uitwao Port Reitz. Jina hilo limezoeleka vinywani mwa wakazi wa Mombasa. Linatajwa katika hospitali, katika barabara, na katika hori pana ya bahari inayotenganisha Changamwe na bara ya Likoni. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza Reitz alikuwa nani. Alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza, kijana aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 ausimamie mji kwa niaba ya serikali ambayo haikuwa imemtuma, akafa kwa homa kabla ya mwaka huo kwisha.

Aliyemwacha hapo ni mkubwa wake, Kapteni William Fitzwilliam Owen. Katika vitabu vya historia vya shule, Owen hupewa aya moja tu: kwamba aliitangaza Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza na kwamba himaya hiyo ilidumu kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi. Aya hiyo ni sahihi lakini haitoshi. Nyuma yake kuna mtu aliyeamini kwamba biashara ya utumwa ni dhambi mbele ya Mungu, aliyetenda kulingana na imani hiyo bila ya kungoja ruhusa, na aliyewaachia watu wengine kubeba matokeo ya tendo lake. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali moja: je, anayesukumwa na imani kupinga dhuluma anawajibika kwa kiasi gani kwa wale aliowaahidi?

Malezi na ujana

Owen alizaliwa mwaka 1774 katika mji wa Manchester, Uingereza. Baba yake, Kapteni William Owen, alikuwa mwanamaji aliyeanzisha makazi katika kisiwa cha Campobello, pwani ya mashariki ya Kanada, mwaka 1770. Mtoto huyu alizaliwa nje ya ndoa. Baba alifariki India mwaka 1778, mtoto akiwa hajatimiza umri wa kukumbuka mengi, naye akalelewa na watu baki. Kwa desturi za Uingereza ya wakati ule, mtoto wa namna hiyo hakuwa na jina la kujivunia wala urithi wa kutegemea. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa bahari. Mwaka 1788, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia katika jeshi la majini.

Jeshi hilo lilimlea na kumfunza. Alijifunza upimaji wa bahari, kazi inayohitaji subira, macho makali na uaminifu katika mambo madogo, kwa kuwa kosa la pima chache katika ramani laweza kuzamisha meli nzima. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, akazuiliwa katika kisiwa cha Mauritius hadi mwaka 1810. Mfungwa mwenziwe kisiwani humo alikuwa Matthew Flinders, mpimaji mashuhuri wa pwani za Australia. Baadaye, kati ya mwaka 1815 na 1817, Owen aliongoza upimaji wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Kufikia wakati huo alikuwa amejijengea sifa ya mtu hodari wa kazi, mkali wa kauli na mgumu wa kutii amri asizozikubali.

Ni vyema kukumbuka hali ya ulimwengu wa Kikristo katika zama zake. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya utumwa mwaka 1807, baada ya kampeni ndefu ya watu kama William Wilberforce waliotoa hoja zao ndani ya imani. Hata hivyo, utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni ya Uingereza hadi sheria ya mwaka 1833 ilipopitishwa. Shirika la Kianglikana la kueneza Injili lilimiliki mashamba ya miwa katika kisiwa cha Barbados yaliyolimwa na watumwa. Biblia ile ile ilisomwa na aliyeshika mjeledi na aliyetaka mjeledi utupwe. Owen alikuwa katika kundi la pili. Alishikamana na mkondo wa Kikristo uliosisitiza kwamba imani isiyoonekana katika matendo haina uhai.

Pwani ya Afrika

Mwaka 1822 Owen alianza safari iliyompa umaarufu. Akiwa na manowari mbili, Leven na Barracouta, alipewa kazi ya kupima pwani za Afrika, Uarabuni na Madagaska. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1826. Zilipatikana ramani mpya zipatazo 300, na baadhi yake zilitumiwa na mabaharia kwa miaka mingi baadaye. Gharama yake ilikuwa ya kutisha. Zaidi ya nusu ya mabaharia walioanza naye safari walikufa, wengi wao kwa homa za pwani ambazo tiba yake haikuwa ikijulikana vizuri.

Katika safari hiyo Owen aliuona utumwa kwa macho yake. Katika bandari za Msumbiji zilizokuwa mikononi mwa Wareno, kama vile Quelimane, aliona jinsi watu walivyosombwa kutoka bara na kupakiwa katika meli za kwenda Brazil. Jambo hili lina uzito katika kumwelewa. Wauzaji na wanunuzi wa Quelimane walikuwa Wakristo, wana makanisa na mapadri. Kwa hiyo Owen hakuweza kusema kwamba utumwa ni dhambi ya watu wa dini nyingine. Aliiona kwanza katika nyumba ya imani yake mwenyewe.

Kaskazini zaidi, biashara hiyo ilikuwa chini ya milki ya Seyyid Said bin Sultan wa Oman. Mwaka 1822 Uingereza ilikuwa imetiliana saini naye Mkataba wa Moresby, uliozuia watumwa wasiuzwe kwa raia wa mataifa ya Kikristo. Ndani ya milki ya Seyyid Said kwenyewe, biashara iliendelea kuwa halali. Owen aliuona mkataba huo kuwa nusu ya haki. Mwishoni mwa mwaka 1823 alikwenda Muscat, akakutana na Seyyid Said, akamweleza wazi kwamba biashara hiyo haina budi kukomeshwa kabisa. Hakuwa ametumwa na mtu kusema hivyo. Kazi yake ilikuwa kupima vina vya maji.

Mkataba wa Mombasa

Wakati huo huo Mombasa ilikuwa katika dhiki. Ukoo wa Mazrui ulikuwa umeutawala mji tangu karne ya 18, na ulikataa kuutii utawala wa Albusaidi uliokuwa umeshika Oman. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Seyyid Said alianza kuwabana. Mazrui walipoteza Pemba, kisiwa kilichokuwa ghala la chakula cha Mombasa, na mashambulizi juu ya mji wenyewe yalitazamiwa. Huu ndio ulimwengu wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi katika siku hizo na ambaye tungo zake nyingi zilizaliwa na mvutano huo wa Mombasa na Oman. Mwanafunzi wa Kiswahili anayemsoma Muyaka anasoma, pasipo kujua pengine, habari za mji ule ule ambao Owen aliuingia.

Mazrui walikuwa wamekwisha kuiomba serikali ya Waingereza iliyokuwa Bombay iwalinde, wakakataliwa. Owen alipotia nanga Mombasa mwezi wa Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza inapepea juu ya Ngome ya Yesu. Wenyeji walikuwa wameishona wenyewe. Liwali, mzee Sulaiman bin Ali al-Mazrui, pamoja na wakuu wa ukoo, walimwomba awakubalie ulinzi.

Owen alikubali, lakini kwa sharti. Katika makubaliano yaliyoandikwa siku hizo, Uingereza iliahidi kuilinda Mombasa na kuwarudishia Mazrui milki zao za zamani. Mazrui wangeendelea kutawala, mjumbe wa Uingereza angekaa mjini, na ushuru wa forodha ungegawanywa nusu kwa nusu. Kisha likaja sharti ambalo kwa Owen lilikuwa ndicho kiini cha jambo lote: biashara ya utumwa ikomeshwe Mombasa.

Pande mbili zilitia saini makubaliano yale yale zikiwa na nia tofauti. Mazrui walitaka mizinga ya Kiingereza iwe kati yao na Seyyid Said. Owen alitaka mlango mmoja wa biashara ya utumwa ufungwe. Wao walikubali sharti lake kwa kubanwa na haja, naye alikubali ombi lao kwa kusukumwa na dhamiri. Aidha, ikumbukwe kwamba makubaliano hayo yaligusa biashara tu. Mtumwa aliyekuwa akilima shamba la mnazi huko Kisauni siku ya kutiwa saini alilima shamba hilo hilo siku ya pili yake.

Walioachwa nyuma

Owen hakuwa na askari wa kuacha wala fedha za kutumia. Alimwacha Luteni Reitz awe mkuu wa kituo, pamoja na mwanafunzi wa uafisa aitwaye George Phillips na watu wengine wachache wasiofika hata kumi. Kundi hilo ndilo lililotakiwa kulinda mji dhidi ya milki ya Oman na kuzima biashara iliyokuwa na mizizi ya karne nyingi. Owen mwenyewe alipandisha tanga na kuendelea na upimaji wake.

Reitz alikuwa kijana mwenye bidii. Alitembea kuijua nchi aliyokabidhiwa, na katika safari ya kusini, kuelekea upande wa Pangani, alishikwa na homa akafa. Maiti yake ilirudishwa Mombasa ikazikwa. Jina lake lilibaki katika ramani, juu ya hori ya magharibi ya kisiwa, na hadi leo watu wa Changamwe wanalitaja kila siku.

Phillips, ambaye alikuwa karibu mtoto, alishika nafasi yake kwa muda. Katika kipindi hicho jahazi lililobeba watumwa lilikamatwa, na watu waliokuwamo wakaachiwa huru. Walipewa ardhi ng'ambo ya mji, upande wa Kisauni, mahali palipokuja kuitwa English Point. Baadaye mwaka huo alifika Luteni James Emery, akakaa hadi mwisho wa himaya.

Watu hao wa jahazi ndio ushahidi ulio wazi kabisa kwamba tendo la Owen halikuwa maneno matupu. Majina yao hayajulikani sana katika vitabu, lakini uhuru wao ulikuwa wa kweli: walipakiwa wakiwa bidhaa, wakateremshwa wakiwa watu. Anayemhukumu Owen sharti awaweke mbele ya macho yake watu hao kabla ya kutoa hukumu.

Uamuzi wa London

Habari zilipofika kwa wakubwa, hazikupokewa kwa furaha. Gavana wa Mauritius, Sir Lowry Cole, aliliacha jambo hilo liamuliwe London. Serikali ya Bombay ilipinga, kwa kuwa Seyyid Said alikuwa rafiki wa Uingereza katika Ghuba ya Uajemi na haikufaa kumuudhi kwa ajili ya mji mmoja wa Afrika. London nayo ilipopima urafiki wa Muscat kwa upande mmoja na ahadi ya kapteni kwa upande mwingine, iliuona urafiki kuwa mzito zaidi. Makubaliano hayakuidhinishwa.

Mjini Mombasa nako imani ilikuwa imepungua. Pemba haikurudishwa. Nusu ya ushuru ilikuwa ikienda kwa wageni ambao ulinzi wao haukuonekana. Mazrui, waliokuwa wamewaita Waingereza kwa hamu, walichoka nao. Mwezi wa Julai 1826 Emery aliondoka, na bendera ikateremshwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1828 Seyyid Said alikuja Mombasa na merikebu zake. Baada ya miaka ya mapigano na mapatano, Mombasa iliangukia mikononi mwake mwaka 1837. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, ambako waliangamia. Waliosalia walihamia Gasi na Takaungu. Biashara ya utumwa haikukoma. Kinyume chake, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na mashamba ya nafaka ya pwani yaliikuza zaidi katika miongo iliyofuata.

Fernando Po na Campobello

Owen hakubadilika kwa kushindwa huko. Mwaka 1827 alipelekwa kisiwa cha Fernando Po, Afrika ya Magharibi, kuanzisha kituo cha kupambana na meli za watumwa. Huko pia alitenda kwa bidii iliyovuka mipaka ya amri zake, na huko pia hakudumu. Mwaka 1833 kilichapishwa kitabu cha safari zake za Afrika, Uarabuni na Madagaska, ambacho kimekuwa chanzo muhimu kwa wanahistoria wa pwani hii.

Katikati ya miaka ya 1830 alihamia Campobello, kisiwa cha baba yake, akaishi huko kama bwana wa kisiwa. Alikuwa akiongoza ibada mwenyewe, na aliandika kuhusu mambo ya dini. Aliingia pia katika siasa za jimbo la New Brunswick na kuendelea na upimaji wa Ghuba ya Fundy. Alipandishwa cheo kuwa admeri. Alifariki mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 83, mbali sana na hori aliyoiita kwa jina la kijana wake.

Tathmini

Wanahistoria wamegawanyika kuhusu Owen. Wapo wanaomwona kama shujaa aliyetangulia wakati wake, kwa sababu yale aliyoyataka mwaka 1824 ndiyo Uingereza iliyoyadai kwa Sultani Barghash mwaka 1873, nusu karne baadaye. Wapo pia wanaomwona kama mtangulizi wa ukoloni, aliyetumia kilio cha watumwa kupandisha bendera. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, kwa kuwa ulinzi alioutoa ulikuja na mkono katika sanduku la forodha.

Hata hivyo, kuna suala la tatu ambalo halipewi nafasi ya kutosha. Owen alipokabiliwa na dhuluma, hakusema kwamba hiyo si kazi yake. Hapo aliwazidi wengi wa dini yake waliopita katika bandari zile zile, wakayaona majahazi yale yale, wakaandika tu bei na idadi. Kosa lake halikuwa kutenda. Kosa lake lilikuwa kuahidi kwa jina la nchi nzima kitu alichokuwa nacho yeye peke yake, yaani nia njema. Kisha akasafiri. Ahadi ni deni, lakini deni hili halikulipwa na aliyelikopa. Lililipwa na Reitz kwa uhai wake, na Mazrui waliokuwa wamemchokoza zaidi adui yao kwa kutegemea rafiki asiyekuwapo.

Mfano mwingine wa pwani hiyo hiyo unasaidia kulinganisha. Katika miaka ya 1880, misheni ya Rabai ilikuwa imejaa watoro waliokimbia mabwana zao. Kati ya waliowapokea alikuwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe kabla ya kukombolewa na kusomeshwa India. Mabwana walipowadai watu wao mwaka 1888, Jones hakuwa na meli ya kupanda. Alikuwa akiishi na watoro hao, akisali nao na kuhofu pamoja nao. Suala hilo lilimalizika kwa kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 wakapata hati za uhuru. Suluhisho hilo lilikuwa na dosari zake, kwa kuwa aliyelipwa ni mwenye kudhulumu wala si aliyedhulumiwa. Lakini walioahidiwa hawakuachwa peke yao.

Hitimisho

Maisha ya Owen yanaonyesha kwamba imani inaweza kumfumbua mtu macho aone dhuluma ambayo wenzake wameizoea, na inaweza kumpa ujasiri wa kuisema mbele ya wafalme. Yanaonyesha vilevile kwamba wajibu hauishii katika kusema. Anayewaambia wanyonge kwamba atasimama nao anapaswa kujiuliza kabla ya kutamka kama atakuwapo siku ya pili, na kama hatakuwapo, ni nani atakayebaki. Watu walioteremshwa English Point wanamtetea Owen. Wale waliopelekwa Bandar Abbas wanamshtaki. Kati ya utetezi huo na mashtaka hayo, hori ya Port Reitz inaendelea kubeba jina la kijana aliyebaki pale mkubwa wake alipoondoka.